Ngozi Nilizozichanganya

Mnanijia na bahasha za kaki kwapani, vyeti vimejaa ndani, mnaniuliza: Adeer, ami yetu, kazi ya kuinua uchumi wa jamii inapatikana wapi? Nacheka kwanza, halafu nawaonea huruma, maana mmesoma kweli na bado mnamuuliza mzee aliyeishia darasa la nne. Basi kaeni. Ila nawaambia mapema, kazi yangu mimi ilikuwa inanuka.

Nilikuwa mwalimu wa ngozi. Enzi za mkoloni, ofisi ya mifugo hapa Garissa ilituajiri vijana wachache tuzunguke machinjioni na visimani, tukiwafundisha watu kuchuna, kuwamba na kukausha ngozi ili zipate daraja zuri kwa wanunuzi wa pwani. Watu wakanipa jina, Maalim Harag, yaani mwalimu wa ngozi, na wengi walilitamka huku wameziba pua. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi hata siku moja kuniruhusu niingie ndani na viatu vya kazini. Nilivivulia nje, na hata fisi hakuvitaka.

Aliyenifundisha hakuwa mzungu wa ofisini, ingawa yeye ndiye aliyenipa kofia. Alikuwa Mzee Hirsi, mchinjaji wa soko letu, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Siku ya kwanza alinipa mbuzi na kisu, akakaa kwenye gogo akinywa chai. Nikachuna kwa bidii, kisu kikienda huku na huku. Nilipomaliza, Hirsi aliinua ile ngozi juani akaitazama kwa upande wa pili. Mwanga ulipita kila mahali.

"Umechuna mbuzi au umetengeneza chujio?" akaniuliza.

Akaitundika mlangoni pangu iwe pazia. Wiki nzima kila aliyepita aliuliza ni ya nini, na mimi nilitakiwa kujibu, kwa amri yake, "Ni kazi yangu." Nzi walijaa. Jirani akahama kwa muda.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kunifundisha. "Kisu ni cha kufungulia mlango tu," alisema. "Ukishaingia nyumbani kwa watu, utatembea na kisu mkononi? Kiweke chini. Tumia ngumi." Na ndivyo ilivyo, wanangu. Ukishapasua tumbo na miguu, kunja ngumi, iloweshe, isukume kati ya ngozi na nyama, na ngozi itatoka yenyewe bila jeraha. Ng'ombe ni mzito, huyo anahitaji kisu, lakini kiwe cha tumbo la mviringo, si cha ncha. Na usimburute chini, maana mchanga nao hukwaruza. Mpaka leo nikimwona kijana akichuna mbuzi wa Idi kwa ncha ya kisu, mkono wangu unawasha.

Kukausha nako kulinitoa jasho. Watu wetu walizoea kutandaza ngozi chini juani. Mimi nikaja na habari za kujenga kibanda cha kivuli, kuiwamba ngozi kwenye fremu ya miti kwa kamba, hewa ipite pande zote. Nilihubiri mpaka sauti ikakauka. Mzee mmoja akaniambia, "Jua la Mungu ni la bure. Kivuli chako kinaliwa na mchwa." Watu wakacheka, na nilijua nimeshindwa. Siku nyingine nikaja na karai la maji na vipande viwili, kimoja cha juani na kimoja cha kivulini. Nikaviloweka mbele yao bila kusema neno. Tulipokwisha kunywa chai, kile cha kivulini kilikuwa laini kama kimechunwa leo, na kile cha juani kikameguka vidoleni. Jua lilikuwa limekiivisha ndani wakati nje kinaonekana kizima. Yule mzee alikigusa, akanusa vidole, akaondoka. Kesho yake nilimkuta akikata miti ya fremu.

Si kila mara nilishinda. Niliwaomba chapa za ukoo wazipige shavuni au chini ya goti, wasiharibu ubavu wenye ngozi nzuri. Wakaniuliza, "Mwizi akiwa mbali anaona nini, shavu au ubavu?" Chapa zikaendelea kupigwa ubavuni.

Lakini haya ni ya kuchangamshia baraza. Nilitaka kuwaambia habari za Dahabo, kwa sababu nilipomkosea yeye ndipo nilipoanza kuielewa kazi mnayoitafuta.

Ulikuwa mwaka wa ukame, kwenye kisima kimoja njia ya kwenda Hulugho. Dahabo alikuwa mjane, mumewe alikufa kwa homa, amemwachia ng'ombe na watoto wawili: mmoja bado ananyonya, na msichana wa miaka minne aitwaye Sahara, mtoto wa maswali mengi. Ng'ombe walikuwa wanakwisha. Shemeji yake, Adan, aliyekuwa akichunga upande wa Bute, alikuwa ameshamtumia salamu: mwezi ukiandama na kama hakuna mnyama wa maziwa katika nyumba hiyo, atakuja kumchukua Sahara akamlee yeye. Msimwone Adan mbaya. Ndivyo tulivyookoa watoto wetu. Nyumba yenye maziwa huchukua mtoto wa nyumba isiyo nayo, na wengi wenu mko hapa kwa sababu nyanya zenu walichukuliwa hivyo. Lakini kutoka kwetu mpaka Bute ni mbali mno, na malisho yalikuwa na mipaka ya serikali, huvuki bila kibali. Mtoto akienda huko, mama hajui atamwona lini.

Nikamwambia Dahabo, kwa heshima ya shangazi: eddo, ngozi ndizo zitakazokuokoa. Nilikuwa nimepatana na mfanyabiashara mmoja wa mjini alete mbuzi jike wa maziwa kutoka mtoni, abadilishane na ngozi za daraja la kwanza. Dahabo na wenzake wakaitikia. Ng'ombe akidhoofika hawakungoja afe, walimwita mzee wa kijiji amchinje kwa jina la Mungu, wakachuna kama nilivyowafundisha, wakawamba. Nilijenga fremu kwa mikono yangu. Ngozi zikakauka vizuri sana, nyeupe ndani, hazina hata kovu. Kila jioni Sahara alikuja kuniuliza ni ipi kati ya hizo itageuka mbuzi.

Ng'ombe wengine walikufa wenyewe kabla hawajawahiwa. Hao waliachwa porini walipoangukia. Nami kila nikipita njiani nilikuwa naona ngozi nzima nzima zinaliwa na tai, moyo unaniuma. Siku moja, Dahabo na wenzake wakiwa wamekwenda mbali kutafuta majani kwa wiki nzima, niliwachukua vibarua wangu wawili, tukachuna sita waliokufa asubuhi hiyo. Nilizikwangua, nikazipangusa damu yote ya mishipani kwa kitambaa cha maji, nikaziwamba kwenye fremu zile zile. Zilipokauka nikazipanga zote pamoja, lundo moja, safi. Nilitaka iwe zawadi. Wema hauozi, nilijiambia, nami ni mtaalamu wa vitu visivyooza!

Lori lilipofika, nikawaita wanawake kwa bashasha. "Nimewaongezea sita," nikasema.

"Umezitoa wapi?" Dahabo akauliza.

Nikamwambia.

Wanawake wakarudi nyuma kutoka kwenye lundo. Mimi mwenyewe ni Mwislamu, nimesoma dugsi, yaani madrasa, kama ninyi, najua mzoga hauliwi. Lakini ngozi nilikuwa nimeshaizoea kama bidhaa ya ofisi, nikadhani ikikauka imetakata. Wao walijua kuliko mimi: ngozi ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni najisi mpaka itengenezwe kwa magome, na kukausha si kutengeneza. Hawakuweza kuiuza.

"Basi zitoe hizo sita," Dahabo akaniambia kwa upole. "Zipi?"

Nikaenda kwenye lundo. Nikainua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa kawaida ngozi ya mzoga hujulikana kwa damu iliyobaki kwenye mishipa. Za kwangu hazikuwa na damu. Nilikuwa nimezisafisha vizuri mno, na alama sikuweka. Nikazigeuza mpaka ya mwisho, jasho likinidondoka, na wote wanaona kwamba mwalimu hajui. Vibarua wangu nao hawakuzitambua.

Dereva wa lori, kijana wa pwani, akachoka kungoja. "Mama, ngozi ni ngozi! Kule hawaulizi ilikufaje."

Dahabo hakukijua Kiswahili sana, lakini alichokuwa nacho kilimtosha. "Wao hapana uliza," akamwambia. "Mungu nauliza. Beleka gari yako, bwana. Bole bole, mbuzi wasianguke."

Lori likaondoka na mbuzi wake wakilia nyuma. Nilitaka ardhi inimeze. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Sahara alisimama akilitazama vumbi la lori, kisha akamuuliza mama yake kwa nini mbuzi wao wamekwenda. Dahabo akamwambia, "Wamekwenda kunywa maji."

Kesho yake nikarudi, maana kukimbia kulikuwa aibu zaidi. Nikawakuta wamekaa kuzunguka lile lundo, wanazungumza. Dahabo akaniambia, "Maalim, sisi tutaziivisha zote kwa magome. Iliyo mzoga itatakata, na iliyo halali haitadhurika." Nikaenda kwa sheikh wa kijiji kuhakikisha, safari hii niliuliza kwanza. Akasema ndiyo, hivyo ndivyo, tena akanishangaa. "Hilo kila mama hapa analijua. Wewe ulikuwa unafundisha nini?"

Tatizo likawa maji. Kuloweka ngozi zote hizo kunataka maji mengi, na ukame ule watu walikuwa wanagawana kwa zamu. Kisima kile kilikuwa kirefu, vijana wanne wanasimama ngazi kwa ngazi wakirushiana ndoo za ngozi, na ndoo zenyewe zilikuwa zimechakaa, nusu ya maji inarudi chini. Msimamizi wa kisima, mzee aliyekuwa hasemi mara mbili, alisikia shida yetu akasema, "Nitawapa maji. Mnitengenezee ndoo."

Hapo ndipo biashara ilipozaliwa, wanangu, na mimi mtaalamu sikuwa nimeiona. Nilikuwa natazama pwani, soko limekaa kisimani limefungua mdomo! Bwana wa ofisini nilipomweleza alisema ngozi nyekundu za magome hazina daraja kwenye karatasi zake. Nikamwambia ni kweli, bwana, na nikaendelea kuwaletea magome ya mgunga kwa gari la ofisi, juu yake nimetandaza fremu asione.

Wanawake wakatwanga magome, wakaloweka, maji yakawa mekundu. Walizikanyaga ngozi kwa miguu wakiimba, na wimbo wenyewe ulikuwa wangu: eti Maalim analijua daraja la ngozi, hajui ng'ombe alitoka mlango gani. Waliniimbia nikiwa nimekaa hapo hapo nakata kamba. Nilicheka nao, na ilinisaidia.

Lakini magome hayaharakishwi. Ngozi zilikuwa bado ndani ya maji mekundu mwezi ulipoandama, na Adan akaja. Alikuwa mtu wa heshima, hakukaza sauti. Alitazama nyumba, akatazama vibuyu vikavu, akakaa na Dahabo muda mrefu. Dahabo hakumbishia, kwa sababu mtoto alikuwa anakonda na yeye anaona. Asubuhi alimsuka nywele Sahara, polepole mno, akifumua na kusuka tena upande mmoja. Kisha akampandisha mwenyewe juu ya ngamia. Sahara alifurahi kupanda ngamia. Alimuuliza mama yake, "Hooyo, wewe utapanda lini?" Dahabo akasema, "Nitapanda wa nyuma." Hapakuwa na ngamia wa nyuma.

Mimi nilikuwa nimeshika hatamu. Kama nisingechanganya lundo lile, mbuzi wangekuwa zizini siku hiyo. Nimeishi na jambo hilo, nami nawaambia bila kulipunguza, maana mtaambiwa kwamba kazi hii ni ya kusaidia tu. Inaweza pia kumpoteza mtoto wa mtu, huku wewe una nia njema na kofia ya serikali.

Ngozi zikaiva. Ndoo ya kwanza akapewa mzee wa kisima kama tulivyoahidi. Haikuvuja hata tone. Wachungaji waliokuja kunywesha wakaiona, na ukame ukikusanya watu kisimani, habari haina haja ya gazeti. Mmoja akatoa mbuzi kwa ndoo na kamba yake. Mwingine akataka mbili. Wanawake wakagawana kazi kwa namna ambayo nisingeweza kuwapangia: mwenye jicho akakata, mwenye mkono mgumu akashona kwa ukanda wa ngozi, mwenye subira akasuka kamba. Aliyekuwa mgonjwa alipewa fungu lake akiwa amelala, na hakuna aliyeuliza. Kazi yangu ikawa kwenda visima vingine mpaka Hulugho kuuliza: mdomo wa ndoo uwe mpana kiasi gani, kamba iwe pima ngapi. Nilikuwa mwalimu, nikageuka tarishi. Sijawahi kuwa na cheo kilichonifaa zaidi.

Basi mkiniuliza nafasi za kazi ziko wapi, angalieni mahali watu wanapokusanyika na kitu kinavuja. Halafu muulize nani hapo anajua kukiziba. Mara nyingi yuko, amekaa, hajaulizwa.

Mbuzi wa Dahabo waliongezeka mmoja mmoja. Lakini hakuenda kumdai mtoto na mbuzi mmoja. Alikuwa na akili ya mfugaji, alitaka maziwa ambayo hayatakatika. Mvua ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Ndipo akaja ofisini kwangu, mara yake ya kwanza kufika mjini tangu ukame, akasimama mlangoni.

"Maalim, safari yako ya Bute ni lini?"

Sikuwa na safari yoyote ya Bute. "Wiki ijayo," nikasema, na nikaenda kuiomba.

Adan alinipokea vizuri. Mkewe alimtoa Sahara akiwa amemwogesha na kumpaka mafuta, naye mama huyo alikuwa anafuta macho, kwa kuwa amemlea. Mtoto alikuwa amenenepa, amerefuka, anasema Kiborana cha watoto wa jirani kuliko lugha ya nyumbani. Hakunikumbuka. Kwenye lori alikaa kati yangu na dereva, mikono amefumbata, na siku mbili nzima hakuuliza swali hata moja. Yule mtoto wa maswali! Nilimsimulia kila nilichojua kuhusu mama yake. Nikamsimulia na la lundo, lote, kwamba mimi ndiye. Akanitazama, akageuka dirishani.

Tulifika mchana. Dahabo alikuwa kivulini anashona, mdogo wake Sahara anacheza mchangani. Nilidhani atakimbia amkumbatie, na hata mimi nilikuwa nimejiandaa kutazama pembeni. Hakukimbia. Aliona jinsi mtoto alivyojificha nyuma ya kanzu yangu akiniomba nimtafutie hooyo wake, naye hooyo aliyemtaka alikuwa wa Bute. Dahabo akaweka kazi chini. Akamshika mbuzi, akakamua mpaka povu likajaa, akakiweka chombo katikati, mahali ambapo mtoto angekifikia bila kumkaribia mtu. Akarudi kukaa, akachukua sindano yake.

Tulingoja. Sahara akatoka nyuma yangu, akachuchumaa, akanywa. Akanywa mpaka akahema.

"Njiani alilia?" Dahabo akaniuliza bila kuinua macho.

"Hapana, eddo. Hata mara moja."

"Na siku ile ya kuondoka hakulia."

"Hakulia."

"Basi ngoja nilie mimi," akasema, akajifunika uso kwa shashi yake ya kichwani, akalia kwa sauti, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia, si siku ya lori, si siku ya ngamia.

Sahara alimtazama, mdomo bado mweupe kwa maziwa. Kisha akasimama, akaenda, akaipandisha ile shashi kwa vidole viwili, akachungulia ndani, akauliza, "Wewe unalilia nini?"

Lilikuwa swali lake la kwanza.